Bibi Alitaka Kuona Mto Unakotoka



Shule zinapofungwa mwezi wa Disemba, watu wa bara huteremka pwani kwa maelfu kutafuta bahari, nasi wenyeji huwapisha barabarani na kuwauzia madafu. Disemba iliyopita jamaa yangu ilifanya kinyume. Tulifunga mizigo, tukapishana nao njiani, tukaenda Karatina, mji wa kaunti ya Nyeri ulioko chini ya Mlima Kenya, ili kutoka huko tuingie Mbuga ya Taifa ya Aberdare. Tulikuwa watu sita: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Bibi.

Aliyeitaka safari hii ni Bibi. Alizaliwa Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini, akalelewa kwa maji ya kahawia ambayo mama yake aliyateka jioni na kuyaacha mtungini usiku kucha ili tope litulie. Ameishi Malindi zaidi ya miaka hamsini, na hadi leo huyaita "mai". Jamaa zake waliobaki pande za Ozi humsimulia kwamba siku hizi maji ya chumvi hupanda mtoni na kuingia mashambani, mpunga ukaharibika na miembe ikakauka. Kisha katika miaka ya 2023 na 2024 mto huohuo ukafurika na kuwahamisha watu majumbani mwao. Habari hizo mbili zilimkosesha utulivu. "Mto huu una nini?" alikuwa akiuliza. "Leo hauna mai, kesho umetufunika. Nataka nikaone unakotoka, nijue kama huko kungali salama."

Mume wangu alikuwa ameweka akiba mwaka mzima kwa nia ya kutupeleka kuona simba. Aliposikia maneno ya mama yake, akageuza nia, na watoto wakanuna siku mbili.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita elfu moja. Maji yake hutoka pande mbili zinazotazamana: safu ya milima ya Aberdare upande wa magharibi, na Mlima Kenya upande wa mashariki. Gura, Ragati na mito mingine mingi huungana na Sagana, na Sagana ikishateremka ndiyo huitwa Tana. Huko chini hupitia mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha Garissa, Hola na Garsen, mpaka Kipini. Nyeri na Karatina ziko katikati ya milima hiyo miwili, na huko ndiko alikokuwa akikuulizia Bibi bila ya kukujua jina.

Bibi ana miaka sabini na mmoja, tena ana maradhi ya presha. Kabla ya kukata tiketi tulimpeleka kwa daktari wake, na nilimshukuru Mungu baadaye kwamba tulifanya hivyo. Daktari hakukataza. Alitupa masharti: alale Karatina usiku mbili kabla ya kupanda juu zaidi, asikose dawa hata siku moja, na tumwangalie. "Akihema hali ya kuwa amekaa, au kichwa kikamuuma sana, au akaanza kuchanganyikiwa maneno, teremkeni papo hapo. Msingoje apate nafuu hukohuko juu."

Karatina

Tulipanda gari la moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi siku ya Alhamisi. Tiketi tulikuwa tumezikata mapema, kwa kuwa mwezi wa Disemba viti hujaa. Tukalala kwa jamaa, na Ijumaa jioni tukawa Karatina nyumbani kwa wifi yangu, mwalimu aliyeishi huko miaka kumi na mmoja.

Mji huo umejengwa juu ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na baridi yake ya alfajiri si ya mchezo. Maji ya udhu yaliwatoa watoto machozi. Waislamu wa huko si wengi, lakini msikiti upo na adhana inasikika, na kwa mtu wa pwani aliyezungukwa na mashamba ya viazi na kahawa, sauti hiyo ni faraja kubwa.

Kibla ya Karatina ni kaskazini, kama yetu, na ukisimama kuielekea, Mlima Kenya unakuwa mkono wako wa kulia, si mbali. Wazee wa Kikuyu tangu kale waliuita Kirinyaga na kuomba dua zao wakiuelekea. Asubuhi ya kwanza mawingu yalipofunguka na kilele kikatokea, mwanangu wa kati aliuliza kama sisi pia tunausalia mlima. Wifi akamkalisha chini, akamwonyesha kwa kidole Makka iko wapi na mlima uko wapi, akamwambia kwamba mlima nao ni kiumbe kama yeye, umeumbwa. Mtoto akafikiri, akasema, "Lakini ni kiumbe mkubwa." Hapo hapakuwa na la kumjibu.

Jumamosi tulikwenda sokoni. Soko la Karatina ni maarufu katika Afrika Mashariki kwa ukubwa wake, na mboga zimekuwa riziki ya mji huo tangu zamani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya wanajeshi. Bibi alipita katikati ya marundo ya karoti, kabichi na njegere kama mtu aliyeingia harusini. Tulinunua sweta za mitumba kwa kila mmoja, kwani nguo za joto tulizotoka nazo Malindi zilikuwa za kujidanganya tu.

Siku ya lango

Jumapili ilikuwa siku yetu ya kupanda, nayo iliangukia kati ya Krismasi na mwaka mpya, wakati kila mwenye gari na watoto huwa amekumbuka mbuga. Makosa tuliyafanya sisi wenyewe, nami nayataja ili msiyarudie. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya kupika na kufungasha. Tena hatukuwa tumelipa kiingilio mapema. Mbuga za taifa hazipokei fedha taslimu. Malipo hufanywa kwa njia ya eCitizen. Sisi tulidhani tutalipa tukifika. Tulipofika langoni, saa tano ilikuwa imekaribia, magari yamepanga mstari, na mtandao wa simu ulikuwa dhaifu. Mume wangu alizunguka na simu mkononi kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Tuliingia saa saba kasorobo.

Gari tulikodi Nyeri pamoja na dereva, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na bila ya hilo tusingefika popote. Barabara hupanda kutoka mashamba ya chai hadi msitu mnene, kisha mianzi, kisha miti inaisha na unakuta uwanda wazi wa majani makavu, takriban mita 3,000 juu ya bahari. Tuliwaona mbega wenye mikia meupe wakiruka mitini, na nyati mmoja aliyesimama kando ya njia akatutazama kama mwenye nyumba anayetazama wageni wasioalikwa. Nia yetu ilikuwa kufika kwenye maporomoko ya Karuru, ambayo huanguka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 273, kuelekea bonde la Mto Gura. Hapo, tulimwahidi Bibi, ataiona Tana ikiwa bado mtoto.

Tulipotoka kwenye mianzi, ukungu ukashuka. Watoto waliendelea kuimba. Bibi alikuwa amenyamaza. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa ameegemea kiti, mkono mmoja kifuani, akivuta pumzi fupifupi kama aliyepanda ngazi, naye alikuwa amekaa tu. Nilimuuliza kama kichwa kinamuuma. Akasema, "Kidogo." Midomo yake haikuwa na rangi yake.

Nilimwambia mume wangu turudi. Akamtazama mama yake. Mama yake akasema, "Twendeni. Nimetoka Malindi kote, nirudi nikiwa nimeona moshi?" Dereva akasema hapajabaki mbali. Mume wangu, ambaye sijapata kumsikia akimkatalia mama yake jambo lolote, akasema labda tusogee kidogo tu, tukifika atapumzika.

Wasomaji wenzangu, wengi wenu ni wakaza wana kama mimi, na mwajua uzito wa kusimama kati ya mtu na mamake. Nilisema, "Hapana. Daktari alisema tusingoje. Dereva, geuza gari." Niliisikia sauti yangu ikiwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Hakuna aliyejibu. Gari likageuzwa. Mtoto mdogo akalia.

Tulipofika kwenye mashamba ya chai, pumzi ya Bibi ilikuwa imetulia. Tulipofika Nyeri, rangi ilimrudia, na kliniki tuliyompitisha ilisema presha yake imeshuka hadi kiasi chake cha kawaida, apumzike, asipande tena. Aliwasemesha watoto. Aliwasemesha wote. Mimi hakunisemesha usiku ule.

Jirani

Usiku huo jirani wa wifi yangu alikuja na maziwa ya moto. Ni mwanamke mwenye umri karibu na wa Bibi, na watoto wa mtaa humwita cucu, neno la Kikuyu la nyanya. Alisikia kwamba tumeshindwa kufika, akauliza mgeni alikuwa akitafuta nini huko juu. Bibi akamwambia: mto. Akamtajia Kipini, Garsen na Hola.

Kwa jina la Hola yule mama aliweka kikombe chini. Baba yake alichukuliwa kutoka vijiji vya huku wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwezi wa Oktoba 1952, wakati wapiganaji wa Mau Mau walipokuwa katika misitu hii hii ya Aberdare na Mlima Kenya. Alihamishwa kambi baada ya kambi, na ya mwisho ikawa Hola, kando ya Tana, ambako wafungwa walilazimishwa kufanya kazi ya mashamba ya umwagiliaji. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa kumi na mmoja waliuawa hapo kwa kupigwa na walinzi, na taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji.

"Baba alirudi," cucu alisema. "Hakuzungumza mengi. Lakini alituambia kwamba maji ya kule yalikuwa ya kahawia, na kwamba alikuwa akiyatazama kila siku akijua yametoka nyumbani."

Bibi alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba yeye alikuwa mtoto mdogo huko chini, na kwamba watu wazima walipolitaja jina la Hola walishusha sauti, wakawatoa watoto nje wakacheze. "Na sisi mai hayo tukiyanywa," alisema.

Walizungumza mpaka usiku wa manane, wanawake wawili walioishi katika ncha mbili za mto mmoja. Mimi nilikwenda kulala.

Ragati

Jumatatu mume wangu aliondoka na watoto kabla ya alfajiri. Malipo alikuwa amekwisha kuyafanya usiku kwa utulivu, na saa kumi na mbili, mbuga ilipofunguliwa, walikuwa mstari wa mbele. Waliyaona maporomoko ya Karuru bila ya ukungu na bila ya umati, wakarudi wakiwa wamelowa na furaha tele. Mimi nilibaki na Bibi. Sitasema kwamba sikutamani kwenda.

Baada ya chai cucu alikuja, akatuchukua kwa miguu, polepole, hadi Mto Ragati, unaotoka katika msitu wa Mlima Kenya na kupita Karatina ukielekea Sagana. Hakuna lango hapo wala kiingilio. Ni mto wa kawaida wenye mawe na miti, na maji yake ni safi hata unahesabu kokoto chini yake. Bibi alivua viatu, akainama, akatia mikono majini, akaiondoa haraka kwa baridi, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu Jumapili. Kisha akatia udhu, akasali rakaa mbili za dhuha juu ya kanga kando ya mto.

Aliuliza kama huku kungali salama. Cucu hakumficha. Alisema mto ulikuwa mkubwa zaidi utotoni mwake, na kwamba watu wamelima hadi ukingoni. Barafu ya kilele inayeyuka pia. Ripoti ya UNESCO ya 2022 ilisema barafu za milima ya Afrika zilizomo katika Urithi wa Dunia, ikiwemo ya Mlima Kenya, huenda zikawa zimetoweka ifikapo 2050. Lakini tegemeo kubwa la mito hii ni msitu, unaoishika mvua na kuiachilia kidogo kidogo. Msitu ukiondoka, mvua hushuka yote kwa siku moja, na mwezi wa kiangazi hakuna kitu. Hapo Bibi akapata jibu la swali lake: mto ule ule unaofurika ndio unaokauka, na sababu moja ya yote mawili iko huku juu.

Wapo pia waliolishughulikia jambo hilo. Safu ya Aberdare imezungushiwa ua wa umeme wa takriban kilomita 400, uliojengwa kuanzia 1989 hadi 2009, ukiwazuia ndovu wasiharibu mashamba na wakati huohuo ukilinda msitu. Na Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za upandaji miti mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizaliwa Ihithe, katika kaunti hiihii ya Nyeri.

Bibi alitaka kujaza chupa awapelekee jamaa zake wa Ozi. Cucu akamwambia, "Usijisumbue. Yanajua njia."

Tulipokuwa tukirudi, Bibi alinishika mkono. "Jana uliniudhi," alisema. "Naam, Mama." "Mwanangu hangenikatalia. Ningekufa kwa adabu yake." Akaendelea kutembea. Tangu siku hiyo hakulitaja tena, nami sikumkumbusha.

Kwa wanaonuia kwenda

Lipeni kiingilio siku moja kabla, mkiwa mahali penye mtandao mzuri, na chukueni vitambulisho vya watu wazima. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Katika msimu wa likizo, atakayefika mapema ndiye atakayeona. Siku za kati ya wiki ni nafuu kuliko Jumamosi na Jumapili.

Msibebe chupa za plastiki za kutumika mara moja. Zimepigwa marufuku katika mbuga zote tangu tarehe 5 Juni 2020. Chukueni chupa za chuma na vyombo vya nyumbani. Chakula tulipika wenyewe, kuku tuliyemchinja, viazi na mahamri, na hilo lilituondolea shaka ya halali. Kuleni ndani ya gari, kwani nyani hawana haya.

Kina mama, buibui refu huburura matope. Vaeni suruali pana na soksi nene ndani yake, na viatu vya kufunga. Kuhusu sala, kwa madhehebu ya Imamu Shafi msafiri asiyenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukitoa siku ya kuingia na ya kutoka, huendelea kupunguza na kukusanya. Tulikusanya adhuhuri na alasiri, na hatukuhangaika njiani.

Mkiwa na mzee, mjamzito au mtoto mchanga, ulizeni daktari kwanza. Mbuga ya Aberdare ina sehemu ya chini upande wa mashariki, karibu na Nyeri, ambako mwinuko ni mdogo na ndovu na nyati huonekana. Huko ndiko iliko Treetops, nyumba ya mitini ambako Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa Februari 1952 baba yake alipofariki, na ambayo Mau Mau waliiteketeza mwaka 1954. Tungeanza na huko, Bibi angeona mengi bila ya kuhema.

Cucu ameahidi kuteremka Agosti, shule zikifungwa tena. Hajapata kuiona bahari. Bibi amekwisha kumwandalia chumba, na amesema watakwenda pamoja hadi Kipini, amwonyeshe mahali maji ya kwao yanapofikia.